Namba zilipokwisha: kisa cha Basecamp, Novemba 8, 2018

Alhamisi ya Novemba 8, 2018, saa 1:21 asubuhi kwa saa za Chicago, wakati Dar es Salaam na Nairobi ni saa 10:21 alasiri, programu ya Basecamp iligoma kupokea kitu chochote kipya. Kilichokuwa kimekwisha ni namba za kuipa mistari mipya ya jedwali moja la hifadhidata yake.

Kwa asiyeijua, Basecamp ni programu ya kuendeshea kazi za timu. Watu wanaandika majukumu, wanajibizana, wanapakia mafaili. Kila tendo, hata la kuweka alama ya vema kwenye jukumu lililokamilika, linaacha mstari kwenye jedwali la matukio. Jedwali hilo lilikuwa na ufunguo msingi, yaani safu inayokitambulisha kila mstari, wa namba inayojiongeza yenyewe, 1, 2, 3 na kuendelea, na safu ya ufunguo huo ilikuwa ya aina ya INT. Aina hiyo inaishia 2,147,483,647. Siku hiyo walifika hapo. Kwa kuwa hakuna tendo linalofanyika bila kuandikwa pale, kilichokwama hakikuwa jedwali moja, ilikuwa Basecamp 3 nzima, toleo jipya la wakati huo. Wakaiweka kwenye hali ya kusoma tu, na ikakaa hivyo karibu saa 5. Wateja waliziona kazi zao zote lakini hawakuweza kuandika hata neno. David Heinemeier Hansson, mmoja wa viongozi wa kampuni, alieleza hadharani kilichotokea hatua kwa hatua, na ndiyo sababu tunaweza kukichambua kisa hiki leo.

Nakipenda kisa hiki kwa kufundishia kuliko kingine chochote, kwa sababu ndani yake ufunguo msingi na indeksi, ile orodha ya kutafutia mistari haraka, vinaonekana vikifanya kazi zao kwa usahihi kabisa huku mfumo mzima umelala. Hakukuwa na mdukuzi wala diski iliyokufa. Hifadhidata ilifanya kile ilichoambiwa ifanye siku jedwali lilipoundwa.

Tuanze na ile namba. INT ni baiti 4, yaani biti 32. Biti moja inatumika kwa alama ya chanya au hasi, zinabaki 31, na biti 31 zinaweza kuhesabu hadi bilioni 2 na milioni 147 na ushee. Usichukue maneno yangu tu. Fungua MySQL, programu ya hifadhidata, kwenye kompyuta yako ufanye jaribio dogo kwa kutumia TINYINT, aina ya baiti 1 ambayo kikomo chake ni 127:

CREATE TABLE jaribio (
  id TINYINT AUTO_INCREMENT PRIMARY KEY,
  tukio VARCHAR(30)
);
ALTER TABLE jaribio AUTO_INCREMENT = 127;
INSERT INTO jaribio (tukio) VALUES ('la mwisho');
INSERT INTO jaribio (tukio) VALUES ('la ziada');

Mstari wa kwanza utaingia bila shida na kupewa 127. Wa pili utarudishwa na ujumbe huu:

ERROR 1062 (23000): Duplicate entry '127' for key 'jaribio.PRIMARY'

Utazame vizuri ujumbe huo, maana unapotosha. Unalalamika kwamba kuna kitu kimejirudia. Mtu wa zamu akiuona usiku wa manane atakwenda kutafuta nani ameingiza kitu mara mbili, na hatakipata. Kilichotokea ni kwamba kihesabu kimefika darini. Hakiwezi kupanda tena, kwa hiyo kinatoa 127 ileile kwa kila anayekuja, na ufunguo msingi unaikataa kwa sababu 127 tayari ina mwenyewe. Ukiona kosa la 1062 na namba iliyotajwa ni 127, 32767, 8388607 au 2147483647, acha kutafuta nakala. Umefika kikomo cha aina ya safu.

Hapo ndipo kazi ya kwanza ya ufunguo msingi inapoonekana. Edgar Codd, aliyekuwa IBM, aliutaja ufunguo msingi kwenye makala yake ya mwaka 1970 iliyoanzisha mtindo wa hifadhidata za mahusiano: kila mstari lazima uwe na kitambulisho ambacho mstari mwingine hauna. Hifadhidata za leo zinadai pia kitambulisho hicho kisiwe tupu. Hifadhidata inalinda ahadi hiyo hata kwa gharama ya kukataa data yako. Na ni vema ikatae. Ingeruhusu mistari miwili yenye 2147483647, maoni ya mteja mmoja yangeanza kuonekana kwenye kazi ya mwingine, na hilo ni baya kuliko saa 5 za kutoandika.

Kazi ya pili wengi hawaijui, nayo ndiyo inayoeleza kwa nini matengenezo yalichukua saa na si dakika. Katika InnoDB, injini ya MySQL inayotumika kwa kawaida, ufunguo msingi ndio mpangilio wenyewe wa jedwali. Mistari haimwagwi tu ndani ya faili. Inakaa kwenye mti wa B+, uzao wa ule mti wa B ambao Rudolf Bayer na Edward McCreight waliubuni walipokuwa Boeing mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mti huo umejengwa kwa kurasa za kilobaiti 16. Kurasa za chini, yaani majani, zimebeba mistari yenyewe ikiwa imepangwa kwa id. Kurasa za juu zimebeba funguo tu na maelekezo: kuanzia id hii nenda ukurasa ule.

Tufanye hesabu, kwa makadirio. Ingizo moja la ukurasa wa juu kwenye ufunguo wa INT lina baiti 4 za ufunguo, baiti 4 za namba ya ukurasa, na baiti chache za uendeshaji. Tuseme 13. Ukurasa wa kilobaiti 16 unachukua maingizo kama 1,200. Tuseme kila jani lina mistari 100. Mti wa ngazi tatu unabeba 1,200 mara 1,200 mara 100, ambayo ni mistari milioni 144. Ongeza ngazi moja, unapata zaidi ya bilioni 170. Maana yake ni kwamba mstari mmoja kati ya bilioni 2 unapatikana kwa kufungua kurasa 4, na zile za juu mara nyingi ziko tayari kwenye kumbukumbu ya seva.

Nimeikokota hesabu hii kwa sababu hapa ndipo mtego ulipo. Mti wa B+ hauchoki. Kati ya mstari wa milioni 150 na mstari wa bilioni 2 haongezeki hata ukurasa mmoja wa kufungua. Ukiwa unaangalia kasi ya maswali, orodha ya maswali ya polepole, joto la seva, huoni dalili yoyote. Tumezoea kwamba mfumo unaozidiwa huanza kwa kukohoa: kurasa zinachelewa kufunguka, wateja wanapiga simu, unapata siku mbili tatu za kujipanga. Namba zikiisha hakuna kikohozi. Mstari namba 2147483647 uliingia kwa kasi ileile ya mstari wa jana yake, na uliofuata haukuingia kabisa.

Kusoma, kwa upande mwingine, kuliendelea bila kovu, kwa sababu kusoma hakuhitaji namba mpya. Ndiyo maana hali ya kusoma tu ilikuwa uamuzi wa busara. Mteja aliyetaka kuona namba ya simu ya fundi au mchoro wa jengo aliuona.

Sasa tuje kwenye marekebisho. Dawa inajulikana, na kuiandika ni mstari mmoja:

ALTER TABLE matukio MODIFY id BIGINT NOT NULL AUTO_INCREMENT;

BIGINT ni baiti 8, na kikomo chake ni 9,223,372,036,854,775,807. Ukiingiza mistari milioni moja kila sekunde, bila kulala, utakifikia baada ya miaka zaidi ya 290,000. Kwa hiyo dawa ilikuwa mkononi tangu dakika za mwanzo. Lakini katika InnoDB kubadili aina ya safu hakufanyiki papo hapo. Injini inaunda jedwali jipya pembeni, inanakili kila mstari, na wakati wote huo haipokei maandishi mapya kwenye jedwali hilo. Kunakili mistari bilioni 2 ni kazi ya saa nyingi hata kwa mashine nzuri.

Na si mistari tu. Indeksi nyingine zote za jedwali hilo zinajengwa upya pia. Sababu yake ni jambo ambalo mtu akilielewa, mambo mengine mengi ya indeksi yanajifungua yenyewe: indeksi ya pembeni katika InnoDB haioneshi mahali mstari ulipo kwenye diski. Inaonesha ufunguo msingi wake.

Chukua indeksi ya safu ya mradi_id kwenye jedwali la matukio. Ni mti mwingine kamili, wenye kurasa zake. Ndani ya majani yake kuna jozi: mradi 58, id 1900245, mradi 58, id 1900311, mradi 59, id 1899007. Ukiuliza matukio yote ya mradi 58, injini inashuka mti huu, inaokota zile id, halafu kwa kila moja inakwenda kushuka mti wa ufunguo msingi kuchukua mstari wenyewe. Ni kama faharasa ya nyuma ya kitabu: neno linakupa namba ya ukurasa, nawe unarudi kufunua. Tofauti ni kwamba hapa “namba ya ukurasa” ni ufunguo msingi, na umenakiliwa ndani ya kila indeksi uliyowahi kuunda. Jedwali lenye indeksi 5 za pembeni limebeba ufunguo huo mara 6.

Kwa hiyo uamuzi wa aina ya ufunguo, ambao mtu anaufanya kwa sekunde mbili wakati anaandika CREATE TABLE, unasambaa. Unaingia kwenye indeksi zote za jedwali hilo. Unaingia pia kwenye kila jedwali la mtoto, yaani jedwali jingine linalobeba id hiyo kuonesha mstari wake ni wa mzazi gani (ufunguo wa kigeni), na kwenye indeksi za majedwali hayo ya watoto. Siku unapotaka kuubadili, unaufuata kote ulikofika.

Kuhusu kuufuata kote, Slashdot ya Marekani ilionja upande mwingine wa jambo hili Novemba 2006. Tovuti hiyo ya habari za teknolojia ilikuwa na jedwali la maoni. Miaka kadhaa nyuma walikuwa waangalifu, wakabadili ufunguo msingi wa maoni kwenda INT isiyo na alama, inayofika bilioni 4. Lakini safu inayosema oni hili linajibu oni gani waliisahau ikiwa MEDIUMINT isiyo na alama, aina ya baiti 3, inayoishia 16,777,215. Maoni yalipovuka hapo, kila oni jipya lilipata namba yake vizuri, ila majibu yakashindwa kumtaja mzazi wake sawasawa. Mazungumzo yakavurugika hadi walipoirekebisha safu hiyo.

Kwa maoni yangu kosa la Slashdot ni la hatari kuliko la Basecamp. Basecamp walipigwa na kosa la wazi. Safu ya mtoto, hasa kwenye MySQL ya zamani isiyo kwenye hali kali (ile inayokataa thamani zisizoenea), inaweza kupokea namba kubwa kuliko uwezo wake, ikaikata kimyakimya hadi kikomo na kuendelea. Fikiria malipo ya wateja 300 wa asubuhi moja, yote yameandikwa kuwa ya ankara namba 2147483647. Hakuna aliyeona kosa. Utakuja kuligundua wakati wa kufunga mahesabu, na data sahihi haipo tena popote. Ukitangaza ufunguo wa kigeni waziwazi, MySQL inakulazimisha safu ya mzazi na ya mtoto ziwe na ukubwa mmoja, na hapo unasalimika. Ambaye hatangazi, kwa kuamini kwamba programu yake inatosha kulinda mahusiano, ndiye aliyeko hatarini.

Nirudi Basecamp, kwa sababu kuna jambo moja linaniuma kila nikikisoma kisa hiki. Rails, zana ambayo Basecamp imejengwa kwayo, ilizaliwa Basecamp yenyewe, na Heinemeier Hansson ndiye aliyeiunda. Mwaka 2017, toleo la 5.1 la Rails lilibadili mazoea: majedwali mapya yakawa yanapata BIGINT bila mtu kuomba. Dawa ilikuwa imeshatolewa nyumbani kwao, mwaka mmoja na ushee kabla ya ajali. Lakini mazoea mapya yanagusa majedwali yanayozaliwa. Yale yaliyozaliwa kabla yanabaki na INT yao mpaka mtu aketi aorodheshe moja baada ya jingine. Na kwenye kampuni nyingi, jedwali lenye mistari mingi kuliko yote ni miongoni mwa makongwe.

Utaniambia: sisi huku hatuna mistari bilioni 2. Duka la dawa, shule, chama cha akiba na mikopo, tutaitoa wapi? Hapo naomba tuelewane vizuri, kwa sababu kihesabu hakihesabu mistari. Kinahesabu namba zilizotolewa. Namba ikishatolewa hairudi, hata mstari ukifutwa, hata muamala ukikatishwa katikati. Na kuna amri moja inayozichoma bila kuacha moshi: INSERT IGNORE. Tuseme una programu inayovuta taarifa za malipo ya simu kila dakika. Kwa kuogopa kukosa kitu, kila safari inavuta malipo 1,000 ya mwisho na kuyaingiza kwa INSERT IGNORE, ili yaliyokwisha kuingia yarukwe. Yanarukwa kweli, lakini kwa mipangilio ya kawaida ya InnoDB kila moja linakuwa limeshachukua namba. Dakika 1,440 kwa siku mara 1,000 ni namba 1,440,000 kila siku. INT inakwisha baada ya siku 1,491, yaani miaka 4 na kidogo, hata kama duka lina malipo 50 tu kwa siku. Amri ya ON DUPLICATE KEY UPDATE, inayosahihisha mstari uliopo badala ya kuruka, nayo ina tabia hiyohiyo.

Wapo pia wanaokwepa suala zima kwa kutumia namba ya simu au ya kitambulisho kuwa ufunguo msingi. Siwashauri. Namba ya simu ikikaa bila kutumika kampuni humpa mtu mwingine, na siku mteja anapobadili namba unalazimika kugusa kila jedwali na kila indeksi inayoibeba. Iweke kwenye safu yake yenye indeksi ya UNIQUE, upate kasi ya kutafuta na ulinzi wa kutojirudia, na utambulisho wa mstari uuache kwa namba isiyo na maana nyingine yoyote duniani.

Hoja ninayokutana nayo mara kwa mara ni kwamba BIGINT inakula nafasi. Tuipime. Jedwali la mistari milioni 1 lenye indeksi 5 za pembeni linabeba ufunguo mara 6. Baiti 4 za ziada mara 6 mara milioni 1 ni megabaiti 24. Video fupi ya harusi uliyotumiwa wiki iliyopita inaweza kuwa kubwa kuliko hiyo. Kwa Basecamp, baiti 4 mara bilioni 2.1 ni gigabaiti 8 hivi kwa kila nakala ya ufunguo, kiasi ambacho diski za seva za mwaka 2018 zisingekihisi. Na kasi? Ingizo la ukurasa wa juu linapanda kutoka baiti 13 hadi 17, maingizo yanashuka kutoka 1,200 hadi kama 960 kwa ukurasa, na mti wa ngazi nne bado unabeba zaidi ya mistari bilioni 80. Kurasa za kufungua zinabaki 4.

Basi ukague mfumo wako. Kwenye MySQL kuanzia toleo la 5.7 kuna mwonekano uliokwisha kutayarishwa kwa ajili ya hili:

SELECT table_name, column_name, data_type, auto_increment_ratio
FROM sys.schema_auto_increment_columns
LIMIT 10;

Safu ya mwisho inakupa sehemu ya namba iliyokwisha kutumika: 0.5 ni nusu, 1 ni darini. Kwenye MySQL 8 jua kwamba takwimu hizi zinahifadhiwa kwa muda na zinaweza kuwa za jana, kwa hiyo kabla ya kuuliza andika SET information_schema_stats_expiry = 0. Anayetumia PostgreSQL, hifadhidata nyingine, atazame last_value kwenye pg_sequences na ailinganishe na aina ya safu yenyewe. Mwonekano huo wa sys hauzioni safu za watoto, zile za aina ya Slashdot. Hizo itabidi uzitafute kwa jina: kila safu inayoishia na _id, aina yake ni ipi, na mzazi wake ni wa aina gani.

Jedwali likiwa bado dogo, mistari laki moja au mbili, ALTER TABLE inamalizika ndani ya sekunde chache. Ifanye usiku, baada ya kuchukua nakala rudufu, ukianza na majedwali ya watoto na kumalizia na mzazi, ili mzazi asije akatoa namba ambayo mtoto hawezi kuibeba. Ufunguo wa kigeni uliotangazwa utaondolewa kwanza na kurudishwa mwisho, maana MySQL haitakubali zibadilike moja moja zikiwa zimefungwa pamoja. Likiwa limeshakua hadi huwezi kulifunga hata kwa nusu saa, tumia zana kama gh-ost ya GitHub au pt-online-schema-change ya Percona. Zote zinajenga jedwali la pembeni lenye BIGINT, zinanakili mistari kidogo kidogo huku zikifuatilia mabadiliko yanayoendelea kuingia, halafu mwishoni zinabadilishana majina ya majedwali mawili. Kazi hiyo inaweza kuchukua siku nzima, na wateja wako wanaendelea kuandika muda wote.

Mimi huwa naipanga kazi hiyo mara tu uwiano unapovuka 0.5, bila kusubiri 0.8, kwa sababu jedwali lililotumia miaka sita kufika nusu, kama biashara inakua, halitatumia miaka sita mingine kumaliza nusu iliyobaki.